Msianze na kabro

Swali

"Shikamoo mwalimu. Naishi Muyeye, Malindi, lakini bibi yangu ni wa Langoni, Lamu, na likizo zote za utoto nilizimaliza kwake. Kule ukitoka mlangoni tu umeshasalimiwa na watu kumi. Hapa nina miaka saba, na jirani wa geti la tatu simjui jina. Katikati ya nyumba zetu kuna kiwanja cha mchanga, kama hatua 60 kwa 40, kina mwarobaini mmoja mkubwa. Tumeambiwa kitatengenezwa: kabro (vile vitofali vya zege vya kutandika chini) kote, seng'enge, geti moja, viti vya zege na taa moja ndefu ya mulika mwizi. Kamati ya mtaa imeniomba niandike maoni yetu. Tuombe nini? Na je, Malindi yaweza kuwa kama Lamu au najidanganya?"

Jibu

Marahaba, mwanangu, na unisalimie bibi yako. Mimi ni wa Mkomani, kwa hiyo yeye na mimi tayari tuna la kubishania.

Nianze na la mwisho. Malindi haitakuwa Lamu, na haina haja. Ila hicho ulichokiona mlangoni kwa bibi hakikuletwa na ukarimu wa Waamu peke yake. Kuna wakorofi Lamu, nami naweza kukutajia wawili wa ukoo wangu. Kililetwa pia na mawe, chokaa na vipimo, na vitu hivyo fundi yeyote wa Malindi anavyo. Kwa hiyo ombi lenu liwe dogo kuliko hicho mnachopewa: seng'enge isiwekwe, kabro isienee kote, taa ishushwe, na fedha nyingi ziende pembezoni mwa kiwanja, si katikati. Nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, maana mkienda kikaoni bila sababu mtaambiwa hamtaki maendeleo.

Hebu kumbuka ulivyokuwa ukiingia kwa bibi. Ukitoka kichochoroni hukumbani na mlango mara moja. Kwanza kuna daka: ukuta umerudi ndani hatua moja au mbili, juu pamefunikwa, na kulia na kushoto kuna baraza mbili za mawe zinazotazamana. Mgeni ambaye hajafikia kukaribishwa ndani huishia hapo, hukaa, huletewa kahawa. Mwenye nyumba hukaa hapo baada ya alasiri. Anayepita hupita karibu mno, karibu kiasi kwamba kunyamaza ni utovu wa adabu, basi salamu inamtoka apende asipende. Sasa angalia jambo moja ambalo watu hulisahau: daka lile limo ndani ya mpaka wa mwenye nyumba. Alipojenga, alikata mita moja ya nyumba yake akaupa mtaa. Hapakuwa na ofisi iliyomjengea kiti cha umma. Mtaa mzima ulijengewa viti na wenye nyumba, mlango baada ya mlango, na ndiyo maana Lamu haina upungufu wa mahali pa kukaa ingawa viwanja vyake vya wazi ni vya kuhesabu.

Halafu kuna ule wembamba. Vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili, na punda wawili wenye shehena wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Usita wa Mui, ile njia kuu, unakwenda sambamba na pwani, kaskazini kwa kusini. Asubuhi nyumba za upande wa mashariki zinautia kivuli, alasiri zile za magharibi zinapokea zamu, na jua linaupata vizuri saa za adhuhuri tu. Vichochoro vinavyoukata vinateremka kuelekea baharini, vikipitisha upepo kupanda na maji ya mvua kushuka. Eneo la Mji Mkongwe ambalo UNESCO iliingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001 ni kama hekta 16, sawasawa na mraba wa mita 400 kwa 400. Mtu mzima hulikata kwa dakika tano au sita asiposimamishwa njiani, lakini sijapata kumwona asiyesimamishwa.

Na hakuna magari. Hili tuliseme waziwazi kwa sababu ndilo linalouma zaidi upande wenu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco, yenye nyumba za kufanana lakini magari tofauti. Palipopita magari 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na marafiki watatu mtaani mwake kwa wastani. Palipopita 16,000 hakuwa na hata mmoja kamili: 0.9. Watu walikuwa walewale wa mji uleule. Kilichowatenganisha ni kwamba upande mmoja mtu angeweza kusimama nje akaongea, na upande wa pili alikuwa akikimbilia ndani. Muyeye haina magari 16,000, nakubali. Lakini mama ambaye hawezi kumwachia mtoto wa miaka sita avuke kwenda kwa mwenzake kwa hofu ya tukutuku za magurudumu matatu na bodaboda hatapata nafasi ya kumjua mama wa yule mwenzake. Siku hizi hata Lamu yenyewe pikipiki zimeingia hadi pwani ya mji, na wazee wanaogombana nazo wanagombania jambo hilihili.

Kabla hujaipamba Lamu kupita kiasi, nikuulize: ulipokuwa msichana wa miaka kumi na tano, ulikaa barazani? Najua jibu. Baraza za njiani ni za wanaume. Msichana hupita mbele yake akiinamisha uso, akijua kila jicho limemhesabu hatua. Wanawake wa Lamu walikuwa na njia zao nyingine kabisa: paa, ua wa ndani, na wikio, vile vyumba vinavyopita juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ambapo mtu aliweza kumtembelea jirani bila kushuka chini. Mji ulikuwa na ngazi mbili za ujirani, ya chini na ya juu. Mkinakili baraza peke yake kule Muyeye, mtakuwa mmenakili nusu ya mji, nusu ya wanaume. Nitalirudia hili tukifika kiwanjani, kwa sababu ni kikundi cha akina mama ndicho kitakachokiweka hai au kukiua.

Sasa nikiri kosa langu. Nilipokuwa kijana kazini nilipewa kiwanja kama chenu katika mji mmoja wa pwani ambao sitautaja. Nikachora viti 12 vya zege, katikati, kwa duara, vikitazamana, na bustani ya maua kati yake. Kwenye karatasi lilikuwa pambo. Nikarudi baada ya miezi mitatu, saa kumi na moja jioni, nikakuta viti vimeanikiwa nguo. Watu walikuwepo, tena wengi, lakini wote wamekaa nje ya seng'enge, kwenye ukingo wa mtaro wa maji machafu, migongo yao ukutani. Mzee mmoja nilipomuuliza akanijibu kwa swali: "Wewe utakaa katikati ya uwanja kama maiti anayesaliwa?" Nimejifunza zaidi kwa swali lile kuliko kwa mihula miwili ya chuo. Binadamu hapendi kuwekwa wazi pande zote. Hutafuta kitu nyuma ya mgongo na kitu cha kutazama mbele.

Basi tuje Muyeye. Hatua zako 60 kwa 40 nazikadiria kuwa mita 45 kwa 30. Jan Gehl, msanifu wa Denmark aliyetumia miaka mingi kuhesabu watu mitaani, anaeleza kuwa uso wa mtu na hali yake tunaanza kuusoma vizuri tukiwa ndani ya mita 20 hadi 25. Ina maana aliye upande mmoja wa kiwanja chenu amwona aliye upande wa pili kama shati tu. Kiwanja kikiachwa kitu kimoja kitupu, kitabaki cha mashati. Kigawanyeni kwa matumizi, bila kuta: kona ya mti, ukingo wa kukaa, uwanda wa mpira, njia za kupita.

Ukingo wa magharibi ndio dhahabu yenu. Watu wa kwetu hutoka nje kuanzia alasiri. Saa hizo jua liko magharibi, na ukuta wowote ulioko upande huo unamwaga kivuli chake ndani ya kiwanja. Aliyeketi hapo anatazama mashariki, anakotoka upepo wa bahari, uwe kusi kutoka kusini-mashariki au kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Kivuli mgongoni, upepo usoni, mwaka mzima. Vitu viwili vya bure, na mchoro mliopewa naamini haukuvitazama. Jengeni baraza ndefu hapo, si viti vimoja vimoja. Kimo chake kiwe sentimita 40 hadi 45, kina kisipungue 60, na mahali pawili pafike 80 kwa wazee wanaopenda kukunja miguu au kutandika mkeka. Ukingo uviringwe, usikate nyuma ya goti. Juu ipakwe chokaa nyeupe: zege la kijivu lililoshinda juani huchoma, chokaa haichomi hivyo. Na kila baada ya mita chache baraza ipinde kama herufi L, au ikabiliwe na kipande kifupi mita moja na nusu mbele yake. Daka linatufundisha hivyo: watu huongea wakiwa wanatazamana au wamekaa mshazari. Ile desturi ya kuuzungushia mti kiti cha duara inapendeza kwenye picha, lakini walioketi hupeana migongo.

Mwarobaini uacheni upumue, ardhi wazi mita 3 kila upande wa shina, na mikeka ya akina mama ndiyo itandikwe hapo. Chini ya mti ndipo ningewapa wanawake na watoto wadogo, kwa sababu moja: kuna njia ya kutoka pande zote. Mwanamke huchagua mahali ambapo hatafungiwa kona na ambapo hapitishwi mbele ya safu ya macho ili kufika. Kwa hiyo njia ya kwenda mtini isipite mbele ya baraza ya magharibi. Izungusheni au ikunjeni, lakini msipuuze jambo hili dogo.

Karibu na mti aketi anayeuza. Najua mchoro hauna mama wa mahamri wala kijana wa viazi karai, kwa sababu wachoraji huwahesabu kuwa uchafu. Mimi nawaita walinzi. Wao ndio wanaokuwepo alfajiri na wao ndio wanaobaki hadi saa nne usiku, wanajua mtoto huyu ni wa nani na yule mgeni amekuja mara ngapi. Ila msiwajengee vibanda vya kudumu. Wakati wa kusi moshi wa jiko unakwenda kaskazini-magharibi, wakati wa kaskazi unakwenda kusini-magharibi. Muuzaji mwenye meza ya kubebeka atahamia upande wa pili msimu ukigeuka. Mwenye kibanda cha zege atawafukiza wazee wa barazani miezi mingi mfululizo, kisha mtaanza kesi.

Kabro nimeipinga mapema, nayo inahitaji hesabu. Eneo lenu ni mita za mraba 1,350. Mvua moja kubwa ya masika ya milimita 50 italeta hapo lita 67,500, yaani zaidi ya mapipa 330 ya lita 200. Leo mchanga unayanywa. Mkishindilia ardhi na kutandika kabro kote, sehemu kubwa ya mapipa hayo itateremka kwa jirani aliye chini, na hapo ujirani mnaoutafuta utaanzia kwa chifu. Ombeni kabro kwenye njia tu. Na njia zenyewe msizichore ninyi, zimeshachorwa: tazama mchanga asubuhi, utaona mistari ya nyayo inavyokata kutoka pembe hadi pembe. Hiyo ndiyo iwekwe kabro, upana wa mita 2, ili watu wawili waende sambamba na wa tatu awapite, na kiti cha magurudumu kisikwame. Kwingine kubaki mchanga. Goti la mtoto nalo litawashukuru.

Seng'enge na geti moja maana yake ni kufuli, na kufuli lina mwenyewe. Muulizeni anayeleta mchoro: ufunguo utakaa kwa nani, na siku akienda mazishini Kaloleni? Kama hofu ni magari kuegeshwa ndani, nguzo fupi zinatosha. Tukutuku ina upana wa kama mita 1.3, kwa hiyo nguzo zikiachana mita 1 haipiti, lakini mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani anapita, kiti cha magurudumu pia. Bodaboda itapita. Nguzo haimzuii mwenye bodaboda; anayemzuia ni mzee aliyeketi pale anayemjua mama yake. Kwenye barabara zinazokizunguka kiwanja ombeni matuta, kabla na baada ya kila njia ya kuvukia.

Mulika mwizi huning'inia juu sana ikiangaza mapaa, huku chini ya mwarobaini, mahali palepale mnapotaka kuona, majani yanafanya giza nene. Taa sita au nane za kimo cha mita 4, kando ya njia na nyuma ya baraza, zitawaonyesha nyuso. Moja ikiharibika mnabaki na tano au saba. Ile ndefu ikiharibika mnabaki na nguzo.

Mpira utaleta ugomvi, utake usitake, kwa hiyo uwanda wa watoto uwe mashariki, milango ya magoli kaskazini na kusini, ili shuti lisiende barazani. Choo, kama hakuna wa kukisafisha kila siku, msikiombe.

Yote hayo hayatafika mbali kama nyumba zinazokizunguka kiwanja zitaendelea kukipa mgongo. Hapa ndipo penye kazi yako hasa, na haihitaji fedha ya serikali. Zungukia nyumba hizo, moja moja, ukauliza: nani yuko tayari kufungua mlango mdogo upande wa kiwanja? Nani, siku akirekebisha ukuta, atarudisha geti lake ndani mita moja tu na kujenga baraza mbili fupi kulia na kushoto, ndani ya mpaka wake mwenyewe? Hilo ni daka, kwa matofali na saruji ya Malindi. Wakipatikana watatu mwaka huu inatosha, wengine wataiga au wataona haya. Wala si jambo geni huko: nenda Gede siku moja, kilomita kama 16 tu kutoka mjini, uone nyumba zilivyoshikana kuta katika mji uliohamwa karne ya 17. Hizi nyua ndefu zenye vipande vya chupa juu yake ni desturi ya juzi.

Mambo mawili kabla ya kikao. La kwanza ni karatasi. Nendeni ofisi ya ardhi mkaulize ramani ya upimaji na namba ya kiwanja, muone kimeandikwa nini. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaiweka ardhi ya umma ya aina hii mikononi mwa serikali ya kaunti kwa amana ya wakazi, ikisimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Viwanja vya mchanga vyenye mti mmoja vina tabia ya kuota hati usiku. Msijadili kabro ya mahali ambapo hamjaona karatasi yake.

La pili, hesabuni. Chagueni siku moja ya kazi na Ijumaa moja, watu wawili wakae na daftari tangu alfajiri hadi saa nne usiku, kila saa wachore nukta kwenye ramani ya mkono: nani yuko wapi, mwanamume au mwanamke, mtoto au mzee, amekaa au anapita. Mkifika kikaoni na karatasi zaidi ya thelathini za nukta, hakuna atakayewaambia hamjui mnachotaka, na nadhani ninyi wenyewe mtashangaa mahali nukta zinapojaa. Inawezekana pakawa si chini ya mti kama ninavyodhani mimi niliyeko mbali. Zikinipinga, fuateni nukta.

Na fundi akimaliza baraza ya kwanza, kabla hajaendelea na ya pili, mwambie akae juu yake pamoja nawe muda wa kikombe kimoja cha kahawa chungu. Akianza kujigeuzageuza kabla kikombe hakijaisha, kimo si sawa, na aibomoe.